Skonzi Ambazo Hakuzila

Mashine ya kupimia sukari ililia, na Bi Futi akaisoma mara mbili, kama anavyosoma kiuno cha mteja anayeapa kwamba hajanenepa.

"Kumi na moja," akasema. "Umekula nini?"

"Sijala kitu," akajibu mumewe. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kidole hewani, tone la damu bado liko kwenye ncha.

"Kumi na moja haiji yenyewe kwa miguu, baba. Jana tulipolala ilikuwa saba. Mimi nimeipima, mimi nimeiona. Hizi nne zilizoongezeka zimepitia dirishani?"

"Mama, nakwambia sijala. Tangu chakula cha jioni sijatia kitu mdomoni isipokuwa mswaki."

"Na huo mswaki uliupaka jamu?"

Mumewe akacheka. Hapo ndipo alipoharibu, maana Bi Futi alikuwa na msimamo wake kuhusu watuhumiwa wanaocheka. Akafunga mashine kwenye kifuko chake, akavuta zipu kwa nguvu, akatoka chumbani bila kugeuka nyuma.

Jina la Bi Futi alipewa na wateja, kwa sababu utepe wa kupimia nguo haukumtoka shingoni hata akienda sokoni. Alikuwa fundi cherehani. Alishona magauni, suti na sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na katika kazi hiyo alijifunza kwamba watu husema wanachotaka lakini utepe husema kilichopo. Mteja angeingia na kudai kiuno chake ni kilekile cha mwaka jana. Bi Futi hakubishana naye. Alimzungushia utepe tu, akamwonyesha namba, akasubiri aone haya. Kwa njia hiyo alijipatia heshima kubwa mtaani, na maadui kadhaa wa kike.

Mumewe aliitwa Hamira. Alikuwa mwoka mikate, na tanuri lake lilikuwa uani, karibu kabisa na mlango wa jikoni. Jina lile lilitokana na hasira yake, ambayo iliumuka polepole mno; mara nyingi kabla haijafika juu alikuwa ameshasahau nani alimuudhi. Sasa mtu kama huyo, anayeshinda kutwa katikati ya mikate na skonzi, aliambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa sukari. Alimeza vidonge vyake, akaacha sukari kwenye chai, akaacha kuonja. Nani angemwamini? Majirani hawakumwamini. Wateja wake walimkonyeza. Hata paka wa nyumbani alimtazama kwa mashaka alipofungua kabati.

Lakini kwa mkewe haikuwa ukali mtupu. Baba mzazi wa Bi Futi alikufa kwa ugonjwa huohuo, baada ya kupoteza macho kwanza, na mpaka mwisho aliapa kwamba hagusi kitu kitamu. Baada ya mazishi, Bi Futi na dada yake mkubwa walipokunja nguo za marehemu, walikuta soksi zake za baridi zimejaa peremende hadi kwenye vifundo. Siku ile Bi Futi alilia zaidi kwa hasira kuliko kwa huzuni. Kwa hiyo kila mashine ilipolia asubuhi, aliona zile soksi. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kumpoteza mtu huyu mnene, mpole, mwenye unga kwenye kope, na kwa kuwa hakujua kuogopa kwa sauti ya chini, aliogopa kwa kufoka.

Akaanza upelelezi.

Kwanza alichukua ufunguo wa mlango wa uani, akalala nao chini ya mto. Asubuhi sukari ilikuwa kumi na nusu. Akaamua kwamba mumewe ana ufunguo wa pili. Jioni iliyofuata, wakati Hamira anaoga, alichota unga wa ngano na kuunyunyiza sakafuni kuanzia mlango wa chumba chao hadi mlango wa uani, mwembamba kama poda ya mtoto, ili mwizi aache nyayo. Na kweli, kulipokucha nyayo zilikuwepo, za kwenda na za kurudi, zimepangika vizuri. Bi Futi aliinama kuzikagua kwa furaha ya askari. Zilikuwa ndogo, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kimepinda kidogo kwa nje. Zilikuwa zake. Usiku alikuwa ameamka kwenda kuhakikisha kwamba unga haujakanyagwa.

Hamira alifagia sakafu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Cheka tu," Bi Futi akamwambia. "Cheka. Baba yangu naye alikuwa mcheshi."

Hapo Hamira aliacha kucheka, akasimama na ufagio mkononi. "Mama, mimi si baba yako."

"Basi usifanye kama yeye."

Mpango wa tatu aliuona ni wa akili zaidi. Kama ushahidi unaharibika mikononi mwa mtuhumiwa, basi mtuhumiwa aondolewe kwenye eneo la tukio. Akamchukua mumewe kwenda kulala kwa dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyeishi peke yake katika nyumba safi isiyo na mto wa ziada. Dada huyu alikuwa bahili wa kupindukia. Kabatini mwake mlikuwa na majani ya chai, chumvi, na mkebe wa maharage uliofungwa kwa mpira. Walikula maharage hayo kwa mboga, kwa kiasi ambacho hakingemshibisha hata ndege. Bi Futi aliufunga mfuko wa safari kwa mikono yake, na kabla ya kulala alipima: sita na nusu. Akalala ametabasamu.

Asubuhi mashine ilisema kumi nukta nane.

Bi Futi alitazama namba, akamtazama mumewe, kisha polepole akamgeukia dada yake, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Dada, ulimpa nini?"

"Mimi?" Dada mkubwa alishika kifua. "Mimi nimpe? Hebu nitazame vizuri, mdogo wangu. Tangu tuzaliwe, umewahi kuniona nampa mtu kitu?"

"Ni kweli, shemeji hakunipa kitu," Hamira akasema kwa huzuni. "Hata nilipoomba chumvi."

Bi Futi alimwita mumewe mwongo hapohapo mlangoni, wakarudi nyumbani kila mmoja akitazama upande wake wa barabara. Katika akili ya Bi Futi hesabu ilikuwa imegoma. Kitambaa ukikipima jioni kikawa mita tatu, hakiwezi kuamka asubuhi kikiwa mita tano. Lazima kuna mtu ameongeza kitambaa. Na katika nyumba yenye watu wawili, mmoja wao akiwa hakuongeza, aliyebaki ni nani?

Ndipo akakata kauli. "Kuanzia leo hakuna chakula cha jioni. Tunaziba bomba kwenye koki."

"Hata kidogo?"

"Maji."

Hamira hakubishana. Kwa siku kadhaa alipanda kitandani na maji tumboni, na tumbo likawa linanguruma mpaka mkewe anajifanya hasikii. Alikula asubuhi, akala mchana kidogo, jioni akala hewa. Bi Futi alisubiri namba ishuke. Badala yake ilipanda, kwanza taratibu, kisha bila aibu. Siku ilipofika kumi na mbili na nusu, Bi Futi aliketi sakafuni akashika tama.

"Akila, kumi na moja," akasema, si kwa mumewe bali kwa ukuta. "Asipokula, kumi na mbili na nusu. Sasa niambie, hiyo si dharau? Huyu mtu anajilipizia huko uani."

"Mama," Hamira akaita kwa sauti ndogo, "mtu anaweza kula usingizini bila kujua?"

"Anaweza, kama ana mdomo."

"Mimi naanza kujiogopa."

Mtu mwingine angemwonea huruma hapo. Bi Futi alisikia kitu kimoja tu, kwamba kuta za uongo zimeanza kupasuka. Alichukua mto wake, shuka yake na taa yake ndogo, akahamia kwenye chumba cha kushonea, akajitandikia kati ya cherehani na mzigo wa sare za shule. Kabla ya kufunga mlango alitoa hukumu.

"Miaka yote hii nimelala karibu na wewe sikuwahi kuwaza kwamba unanificha kitu. Siwezi kulala na mwongo. Siku utakayosema ukweli, siku hiyohiyo nitarudi."

Hivyo ndivyo walivyoanza kuishi kama wapangaji wawili. Asubuhi alikuja, akatoboa kidole, akasoma, akaondoka. Hakuuliza tena mumewe ameamkaje. Hamira naye alizidi kusinyaa. Suruali zake zilianza kumshuka, na Bi Futi alizipunguza kiuno akiwa amenuna, pini mdomoni, mara ya kwanza na mara ya pili, bila kujiuliza chochote. Mikono yake ilijua kazi. Kichwa kilikuwa na kesi. Wateja wa mikate nao walianza kulalamika. Asubuhi moja tanuri zima la mikate liliungua, maana Hamira alikalia gunia la ngano kupumzisha miguu kidogo, na miguu ikakataa kuinuka.

Jioni ya siku hiyo alikuja kusimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea, kofia yake ya kazi mkononi. Cherehani ilikuwa inakimbia.

"Mama."

Cherehani haikusimama.

"Mama, ni kweli."

Ikasimama. Bi Futi hakuinua uso. "Kweli nini?"

"Nilikuwa nakula."

"Nini?"

"Skonzi."

"Ngapi?"

Hamira alitazama dari, akatazama kofia, kama mtu anayechagua tunda sokoni. "Mbili," akasema.

Bi Futi aliinuka. Kisha akamfokea, akamwita majina, akamuuliza ana akili gani, akamuuliza alitaka amwachie nani hii nyumba, na katikati ya kufoka huko akaanza kulia, na katikati ya kulia akaanza kucheka. "Si ungesema tu! Skonzi mbili! Nilidhani unamaliza trei nzima! Mtu mzima na skonzi mbili, ananifanya nilale na sare za darasa la pili!" Akakusanya mto, shuka na taa, akapita mbele yake, akarudi chumbani kwao. Akalala usingizi mzito kama mtoto aliyeshiba.

Asubuhi sukari ilikuwa kumi na moja.

"Ni zile za zamani," Hamira akawahi kusema. "Hazijaisha mwilini."

Bi Futi alikubali. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hakagui mishono. "Keshokutwa ni kliniki," akasema. "Utamwambia daktari kwa mdomo wako mwenyewe."

Kliniki ilikuwa na korido ndefu yenye mabenchi ya mbao na harufu ya sabuni. Daktari wao alikuwa mwanamke kijana mwenye kalamu sikioni na sura ya mtu aliyeamka mapema kuliko alivyotaka. Aliwaamkia kwa heshima, "Shikamooni, wazazi wangu," wakaitikia marahaba, wakaketi. Bi Futi alimsukuma mumewe kwa kiwiko.

"Daktari, mgonjwa wako ana neno."

Hamira alikohoa. "Nilikuwa nakula skonzi. Usiku."

Daktari hakumkaripia. Aliichukua mashine yao, ambayo huhifadhi vipimo vya nyuma, akaanza kubonyeza na kusoma. Alibonyeza kwa muda mrefu, paji likiwa limekunjamana.

"Kila usiku, baba?"

"Kila usiku."

"Hata huu hapa? Jioni sita na nusu, asubuhi kumi nukta nane."

Bi Futi alichungulia. "Huo ni ule tuliolala kwa dada."

"Hata huo," Hamira akasema.

Bi Futi aligeuza shingo polepole. "Kwa dada yangu? Kwa dada yangu hakuna skonzi. Kwa dada yangu hakuna hata chumvi ya kuazima."

"Nilikwenda nazo."

"Kwenye nini? Mfuko wa safari niliufunga mimi."

"Mfukoni mwa suruali."

"Suruali ipi?"

"Ile ya kijivu."

"Baba," Bi Futi akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungua, "suruali ya kijivu haina mifuko. Ile mifuko ni ya urembo. Niliishona mwenyewe, nikaiziba, kwa sababu unapenda kubeba funguo zinazotoboa kitambaa."

Jasho lilikuwa limeanza kumtoka Hamira juu ya mdomo. Alikuwa hodari wa mkate, lakini katika kudanganya alikuwa mbichi kabisa. Daktari aliweka mashine mezani, akauma midomo yake isicheke.

"Baba, ulikula au hukula?"

"Mnataka nijibu lipi?"

"La kweli."

"Sijala," Hamira akasema, na akashusha pumzi kama mtu anayetua gunia. "Sijawahi kula. Hata punje."

Kwa hiyo Bi Futi, baada ya unga, ufunguo, dada na njaa, hatimaye alikuwa amemkamata mumewe akidanganya, na uongo wenyewe ulikuwa kwamba amekula. Akauliza swali lililokuwa chini ya maswali yake yote. "Sasa hiyo sukari inatoka wapi?"

Tumbo la daktari likanguruma kwa sauti kubwa, mpaka wote watatu wakalitazama.

"Mmesikia?" daktari akasema. "Nilikula mara ya mwisho jana jioni. Leo foleni haijaniacha. Lakini naongea, natembea, naandika. Ubongo unatumia sukari saa zote, hata mtu akiwa amelala. Ungeikosa, mngeniokota sakafuni. Nani amenipa sukari tangu jana?"

"Ini," akajijibu mwenyewe. "Ukila, ini linachukua sehemu ya sukari na kuiweka akiba. Ukikaa bila kula, linaitoa kidogo kidogo iingie kwenye damu. Na akiba ikipungua, linatengeneza sukari mpya kabisa."

Hamira aliyekuwa amelegea akakaa wima. Jambo lilikuwa limeingia kwenye taaluma yake. "Linatengeneza kwa kutumia nini? Ghala si limebaki tupu?"

"Kwa masalio. Misuli ikifanya kazi inaacha mabaki, ini linayachukua. Mafuta yakivunjwa, kuna kipande chake kinachofaa. Hata protini ya nyama ya mwili, ikibidi. Linavigeuza vyote kuwa sukari."

"Kama mimi na mikate ya jana. Naisaga, naongeza maziwa, natoa pudini, na mteja hajui."

"Ndivyo, baba. Na ini haliko peke yake. Figo nazo zinapika."

"Figo?" Bi Futi akaruka. "Figo si za mkojo?"

"Zina kazi ya pili, mama. Ini na figo ndivyo viungo vinavyoweza kutengeneza sukari na kuimimina kwenye damu ili mwili mzima ule. Ini ndilo linalobeba mzigo mkubwa, lakini kadiri mtu anavyokaa na njaa kwa muda mrefu, figo zinaongeza mchango wao. Bila hivyo hakuna binadamu angeamka asubuhi."

"Kumbe nina tanuri la usiku," Hamira akasema taratibu, kama aliyepewa habari za ndugu asiyemjua.

"Kila mtu analo. Tofauti ni kwamba kwa mtu asiye na ugonjwa, kongosho linatoa insulini, na insulini inaliambia ini: inatosha, punguza moto. Kwako wewe ini halisikii vizuri. Tena kukaribia kupambazuka mwili unatoa homoni za kukuandaa kuamka, nazo zinaliambia liongeze. Unaamka na kumi na moja, na sukari hiyo umeipika mwenyewe, umelala, mdomo umefungwa."

Bi Futi alikuwa ameushika utepe shingoni kwa mikono yote miwili. Swali lililofuata aliliuliza akiwa ameshaanza kujua jibu.

"Na kama mtu akinyimwa chakula cha jioni?"

"Kwa wagonjwa wengine ndiyo inapanda zaidi. Mwili unaona njaa, ini linajitahidi. Na malighafi nyingine linaitoa kwenye misuli." Daktari alimtazama Hamira, mashavu na mikono. "Amepungua?"

"Sentimita nane," Bi Futi akasema. "Kiunoni."

Alikuwa amezipima mwenyewe. Alikuwa amezikata, akazishona, akazipiga pasi. Utepe ulimwambia kwamba mumewe anaisha, na yeye aliyejisifu kwamba anasikiliza utepe kuliko watu, hakuwa amesikia hata utepe. Akaona aibu iliyompanda mpaka masikioni.

Daktari alirekebisha dawa. Alisema kuna kidonge atakachokimeza pamoja na chakula cha jioni, nacho kitalisihi ini lipunguze uzalishaji. Alisema chakula cha jioni kirudi, kidogo na cha maana, na baada ya kula watembee pamoja mtaani kabla ya kulala. Namba hazitashuka kwa siku moja, wasigombane nazo.

"Haiwezekani kulizima kabisa hilo tanuri?" Bi Futi akauliza.

"Hatutaki kulizima, mama. Likizimika hataamka."

Walitoka nje wakaketi kwenye ukuta mfupi mbele ya kliniki, karibu na mwanamke aliyekuwa anauza ndizi. Bi Futi alinunua moja, akaimenya, akaikata nusu, akampa mumewe nusu moja. Hamira aliishika akiwa na wasiwasi, kama mtego. Alipoona mkewe anakula yake, naye akala.

"Nilikuita mwongo," Bi Futi akasema.

"Ndiyo."

"Mbele ya dada yangu."

"Ndiyo. Na mbele ya paka."

Akacheka, kisha uso ukamharibika, akalia hapohapo, watu wakipita na bahasha zao za vipimo. "Nisamehe, mume wangu. Niliogopa utakufa. Niliogopa mpaka nikawa mimi ndiye ninayekumaliza."

"Najua uliogopa," Hamira akasema. "Ulikuwa unaogopa kwa kelele, mtaa mzima unajua."

"Lakini wewe nawe! Kwa nini ulisema umekula? Daktari asingekuwa makini, angekupa ushauri wa mtu mwingine. Ungekwenda kaburini na kosa ambalo si lako. Kwa nini?"

Hamira alilitazama ganda la ndizi mkononi. Hakuwa mtu wa maneno mengi na haya yalimpa shida kidogo.

"Ulisema nikikubali utarudi chumbani."

Bi Futi alikumbuka usiku ule alivyolala fofofo, na huyu kando yake, hana kosa, ana njaa, ameridhika. Akauchukua mkono wake wa kushoto, ambao vidole vyake vyote alikuwa amevitoboa yeye mwenyewe, akaulaza shavuni, mbele ya muuza ndizi na yeyote aliyetaka kutazama.

"Na kama nisingerudi?" akauliza. "Kama ningesema skonzi mbili hazitoshi, bado unanificha?"

Hamira akafikiri.

"Ningeongeza ya tatu," akasema.